Darubini, simu, kitabu au mtu wa pale pale: uanze na kipi ukitaka kuwajua ndege na wanyama

Kila nikirusha picha za porini kwenye status lazima wapatikane watu watatu wanne wa kuniuliza, "kaka na mimi nataka kuanza kutambua ndege na wanyama, ninunue nini?" Na mimi kwa uvivu namjibu kila mtu kipande, huyu nimemwambia darubini, yule nimemwambia aweke programu kwenye simu, kuna mwingine nilimwambia asinunue kitu amtafute tu mzee wa mahali anapokwenda. Juzi wawili kati yao wamekutana, wakalinganisha majibu, wakaniona tapeli. Haya basi, leo naviweka vyote mezani, darubini, simu, kitabu na mtu, tuone kipi kinakubeba wapi na kinakuangusha wapi, halafu ntasema mimi ningevitafuta kwa mpangilio gani.

Nianze na kandege kamoja maana ndiko kalikonifanya nikae chini kuandika. Nilikuwa Ziwa Duluti, pale Tengeru nje kidogo ya Arusha, mimi na mtoto wa dada yangu, dogo wa miaka kumi na moja mwenye maswali kuliko wakili. Lile ziwa liko ndani ya kreta na limezungukwa na msitu, kuna njia ya miguu inayolizunguka, unatembea kivulini huku hondohondo wanapayuka juu ya miti kama punda aliyekanyagwa. Tukafika mahali mti umeinamia maji, kikapita kitu cha bluu, kikatua kwenye tawi, sekunde tatu hivi, kikapotea. Kadogo kuliko shomoro, mgongo bluu inayowaka, tumbo rangi ya chungwa, mdomo mwekundu mrefu. Mdiria huyo, wengine wanamwita mtilili, hapo hakuna ubishi. Ubishi ni mdiria yupi, maana wapo wawili wadogo wanaofanana kama pacha, yupo yule mwenye kishungi anayekaa kwenye matete akivizia visamaki, na yupo mdiria kibete ambaye riziki yake kubwa ni wadudu, huyu unaweza kumkuta kichakani mbali kabisa na maji. Mimi nikasema wa majini, si tupo ziwani? Dogo akasema, "Mjomba, mi nimeona ana nyusi za chungwa." Nikamwambia ndege hana nyusi. Tukawekeana soda.

Darubini

Darubini haikutajii jina la mnyama, yenyewe inakupa kitu cha kukitafutia jina. Bila kuona vizuri hata ukitembea na profesa pembeni mtaishia "kitu cha kahawia kimeruka". Kwahiyo kama hela inatosha kitu kimoja tu cha kununua, nunua hii, kuhusu mengine tutabishana.

Sasa zile namba. Ukiona 8x42, ile 8 ni mara ngapi inavuta, na 42 ni upana wa lensi ya mbele kwa milimita. Watu wote wanaoanza wanafikiri namba ya kwanza ikiwa kubwa ndo bora, wanakimbilia 10x42 au hata 12x50, mimi mwenyewe nilianza na 10. Kinachotokea ni kwamba inavuta ndege na inavuta pia mtetemo wa mikono yako, ukiwa umepanda kilima unahema, picha inacheza kama uko kwenye daladala ya barabara ya vumbi. Halafu eneo unaloona linakuwa dogo zaidi, kwa nyingi za 8x42 kwenye umbali wa mita 1,000 unaona upana wa kama mita 130 hivi, za 10x42 mara nyingi ni kama 110. Inaonekana tofauti ndogo, ila subiri umtafute ndege anayerukaruka ndani ya majani, ile 10 utakuwa unazungusha tu unaona majani, majani, majani, mwenzako wa 8 ameshamuona na ameshamchoka.

Na kuna hesabu nyingine hawakwambii dukani, gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, gawa 42 kwa 10 unapata 4.2, hiyo ni milimita ya duara la mwanga linaloingia kwenye jicho lako. Saa sita mchana huoni tofauti, lakini alfajiri na jioni msituni, muda ambao wanyama wenyewe ndo wanatoka, utaiona. Ndo maana watu wa msituni wengi wanashika 8, na 10 nawaachia wale wa Serengeti na Amboseli, kwenye tambarare ndefu, gari limesimama, kiwiko kimeegemea dirishani, unamtafuta duma aliyelala chini ya mti kilomita nzima mbele. Hapo 10 inalipa, ila mwambie dereva azime injini, ikiwaka tu yote uliyolipia yanaishia kwenye mtetemo.

Kuna 8x32 pia, nyepesi, kwa dada zetu na watoto na yeyote anayeumwa shingo, mchana inatosha kabisa. Zile ndogo za mfukoni 8x25 au 10x25 zinaingia hata kwenye pochi lakini jua likizama zinalala.

Halafu kuna janga linaloitwa 30x60. Umeziona, zinauzwa stendi na kwa machinga, ndogo zinakunjika, lensi nyekundu kama macho ya bundi wa kwenye katuni, zimeandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu. Chukua rula ya shule upime ile lensi ya mbele, ingekuwa 60 kweli ingekuwa na upana wa sentimita 6, karibu sawa na mdomo wa glasi ya chai. Utapata mbili na kitu. Na ule wekundu ndo mbaya zaidi kwa kazi yetu, unarudisha nje mwanga mwekundu, kwahiyo kinachoingia machoni kimepoa kinaelekea kijani na bluu, wewe unayetaka kujua kama tumbo ni chungwa au kahawia umeshadanganywa kabla hujaanza. Rafiki yangu mmoja anayo, aliniambia ameona tumbili wa kijani. Sikubisha, nilimwomba aniazime niangalie mwenyewe, na kweli alikuwa wa kijani.

Kingine, ukinunua ya maana irekebishe iendane na macho yako, nimekutana na watu wana darubini miaka miwili hawajawahi. Funika upande wa kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi, kisha funika kushoto, zungusha kile kiringi cha kwenye jicho la kulia mpaka nalo lione safi. Basi, hapo kuanzia leo unagusa gurudumu la kati tu. Wenye miwani shusheni zile raba za machoni, msivue miwani.

Simu

Kwenye simu wengi wanaongelea Merlin, iNaturalist na Seek kama vile ni kitu kimoja, na ndo chanzo cha malalamiko, mtu anapiga picha swala kwenye Merlin halafu analalamika haijui kitu. Merlin ni ya ndege tu. Imetengenezwa na Maabara ya Ndege ya Chuo cha Cornell kule Marekani, ni ya bure, na uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba unapakua furushi la ndege wa eneo lako ukiwa na Wi-Fi halafu porini inafanya kazi bila bando. Ila pakua nyumbani jamani, ni mamia ya MB, usisubiri getini.

Ina njia tatu. Kuna kujibu maswali, ulikuwa wapi, lini, ukubwa gani, rangi zipi (unachagua mpaka tatu), alikuwa anafanya nini. Kuna picha. Na kuna sauti, hii ndo inayosifiwa dunia nzima tangu 2021, unawasha inasikiliza na kutaja majina moja baada ya jingine. Kwa ndugu zangu mlioko Uingereza, Ujerumani, Marekani, hiyo ya sauti msibanie, itawashangaza asubuhi moja tu bustanini. Huku kwetu nakwambia kwa uzoefu, iwashe lakini usiiweke rehani, imefundishwa zaidi kwa ndege wa huko, kuna asubuhi nimesimama chini ya shore anaimba kwa nguvu zote, yule yule shore wa kila uani, na simu imenyamaza kama imefiwa.

Sasa lile suala la mdiria wetu. Palepale kwenye njia nilitoa simu, nikajibu maswali, mdogo kuliko shomoro, bluu na chungwa, pembeni ya maji. Ikanipa orodha, wa kwanza yule wa majini mwenye kishungi, kibete alikuwa chini yake. Nikamwonyesha dogo, "umeona?" Akaniangalia tu. Baadaye nikaja kuelewa nilichofanya, simu haikumuona yule ndege, iliniona mimi, nimeiambia "maji" nayo ikanirudishia maji. Ningechagua "mtini" mpangilio ungeweza kugeuka. Hili ni la kulijua, orodha yake inapangwa pia kwa kuangalia ndege waliorekodiwa na watu eneo hilo na msimu huo kupitia eBird, ambayo ni ya nyumba hiyohiyo ya Cornell na ipo tangu 2002, kwahiyo sehemu zenye waangalizi wengi kama Arusha au Nairobi inakuwa na akili nyingi, ukienda pembe ambazo watu hawarekodi inabahatisha zaidi.

iNaturalist ni kitu kingine kabisa, hii inapokea kila kiumbe, mjusi, kipepeo, ua, uyoga, kinyesi cha fisi, nyayo, mfupa. Ilianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Berkeley. Unapandisha picha, mashine inakupa pendekezo, halafu watu halisi duniani wanakuja kusema ndiyo au hapana, wakipatikana angalau wawili na waliokubaliana wakizidi theluthi mbili inapanda daraja hata watafiti wanaweza kuitumia. Nimewahi kupandisha picha mbovu ya nondo aliyetua kwenye taa ya jikoni, asubuhi nimekuta mtu wa nchi nyingine kabisa ameniandikia ni jamii gani. Hiyo raha hakuna kitabu kitakupa. Pia viumbe walio hatarini inaficha mahali halisi walipoonekana, hiyo ni tofauti kubwa na wewe unayerusha picha ya faru kwenye magrupu ya WhatsApp ukiwa umewasha lokesheni, tafadhali acha. Na unaweza kuongeza majina ya Kiswahili wewe mwenyewe, kama unajua kwamba yule anaitwa nguchiro na yule ngawa ingia ukaweke, tusilalamike tu kwamba majina yetu hayapo.

Ubaya wake inataka subira na mtandao. Mtoto hana subira, ndo maana kuna Seek, ni ndugu yake huyohuyo iNaturalist, unaelekeza kamera inakwambia hapohapo, haitaki kujisajili, haitaki bando. Kwa mimea na wadudu inafurahisha sana. Kwa swala aliye mita mia mbili itakwambia "mamalia", na hapo hata mimi ningekwambia hivyo.

Hapo ndo simu zote zinapofeli, umbali. Kamera ya simu yako ukivuta sana unapata doa la kahawia, na programu haiwezi kutambua doa. Dawa yake ni darubini ileile, weka lensi ya simu kwenye tundu moja la kuangalizia, kaza mkono, sogeza taratibu mpaka lile duara jeusi liondoke, piga. Mara kumi za kwanza utapiga giza, ya kumi na moja utamtoa mwewe juu ya nguzo mpaka mdomo wa njano unaonekana.

Nyoka naomba tuelewane. Usisogelee nyoka upate picha ya programu, na usiamini programu ikikwambia hana sumu. Mwache apite.

Mtu wa pale

Kwa Kiingereza wana neno lao la mwongoza watalii, na sisi tukilitamka haraka haraka linatoka "gaidi", nimeshuhudia mtu anaulizia gaidi wake stendi ya Moshi kwa sauti ya juu na watu wakaanza kusogeza mizigo. Kwahiyo tuseme mwongozaji.

Mwongozaji mzuri anakuzidi vitu ambavyo havipo kwenye simu wala kitabu, anajua yule bundi amelala mti gani wiki hii, anajua ukisikia kima wanakohoa hivyo juu kuna tai, na anakuuliza maswali sahihi. Tuliporudi getini Duluti tukamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, dogo akamsalimia "shikamoo babu", "marahaba mjukuu wangu, mmeona nini?" Tukamweleza mdiria wetu. Hakuuliza rangi hata moja. Akauliza, "aligusa maji?" Hakugusa. "Alitua kwenye matete au kwenye mti?" Mti. "Tawi la juu ya maji au la upande wa msitu?" Mimi sikumbuki, dogo akasema la upande wa msitu, na mdomoni alikuwa na kitu chenye miguu. Mzee akacheka, akasema mimi singeweka hela yangu kwa yule wa majini. Maswali matatu tu na hajui Merlin ni nini.

Na hii sio stori ya kusifia wazee kwa ajili ya kusifia. Kuna kima anaitwa kipunji, yuko Mlima Rungwe na upande wa Udzungwa, wanasayansi walimtangaza rasmi 2005 na mwaka uliofuata ikaonekana anastahili jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe. Walifikaje kwake kule Rungwe? Kwa kusikia habari za wawindaji, Wanyakyusa walikuwa na jina lake zamani, na ndo jina lililobaki mpaka kwenye Kilatini. Miaka yote hiyo ungefungua kitabu chochote duniani usingemkuta. Mwingine ni yule kwale wa Udzungwa, 1991 watafiti wa Denmark wako kambini wanapikiwa, wakaona kwenye sufuria miguu ya ndege ambayo hawaielewi, kumbe ni kwale asiyejulikana na sayansi, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Aliyemtega kwa ajili ya mchuzi wala hakuona maajabu yoyote.

Lakini mtu naye ana matatizo yake. Nimewahi kulipa siku nzima kwa kijana mmoja, mahali sipataji, kila kilichokuwa na mdomo uliopinda alisema "tai". Pungu akapita juu yetu, pungu ambaye mkia wake mfupi mpaka unadhani umekatwa, huwezi kumkosea angani hata ukiwa umelala chali, akasema tai. Nikauliza tai gani, akasema "tai wa porini". Wengine wanakisia ili usisononeke, umelipa wanaona aibu kukwambia hawajui. Kipimo changu siku hizi ni kimoja, ndani ya saa moja ya kwanza namuuliza kitu kigumu, wale ndege wadogo wa kahawia wa kwenye nyasi ambao hata mabingwa wanawaogopa. Akisema "huyu mpaka nimsikie akilia" nimepata mtu. Akijibu papo hapo kwa kujiamini, mmh.

Na mpatane hela kabla hamjaanza kutembea, ukimwambia wazi kwamba natafuta ndege, sina haraka, sitaki simba, utaona anavyobadilika. Wengi wamechoka kukimbizwa na watu wanaotaka simba. Akitaka kumwita ndege kwa kupiga sauti yake kwenye spika, mara moja basi, na kama kuna kiota karibu mkatalie, yule ndege anaacha mayai anakuja kupigana na simu.

Kitabu

Vijana wananicheka nikitoa kitabu. Ni kizito, kikilowa kimekwisha, bei yake inauma, na vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Ndani ya Tanzania peke yake kuna aina zaidi ya 1,000 za ndege, Kenya hivyohivyo, kwahiyo kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kinakuwa kama tofali, na anayeanza akikifungua katikati anapata kizunguzungu anakifunga.

Ila kina kitu kimoja ambacho skrini ya simu haina, kinawapanga wanaofanana ukurasa mmoja. Simu inakupa jibu, kitabu kinakuonyesha ungeweza kukosea kwa nani. Chukua swala tomi na swala granti, kila anayekwenda Ngorongoro anawachanganya. Watu wanafundishana "mwenye mchirizi mweusi ubavuni ndo tomi", sawa, mpaka ukutane na granti jike au mdogo mwenye mchirizi naye. Kwenye ukurasa wa kitabu wako pamoja wamegeuziwa nyuma, na unaona hapohapo jibu liko makalioni, weupe wa granti unapanda juu ya mkia mpaka mgongoni, wa tomi unaishia chini ya mkia. Ukishaliona mara moja hukosei tena. Au kuro, kuna mwenye duara jeupe nyuma kama aliyekalia choo kilichopakwa rangi ikiwa mbichi, na kuna aliyepakwa makalio yote. Hizo unazisoma jioni umelala, kesho yake unawaona.

Basi usiku ule nyumbani nikakifungua kwenye wadiria. Wale wawili wako juu na chini. Yule wa majini, kofia yake ya bluu inashuka mpaka inagusa jicho. Kibete, kofia haifiki, katikati ya kofia na jicho kuna mstari wa chungwa, na shavuni ana kiwekundu kinachoelekea zambarau. Mstari wa chungwa juu ya jicho. Yaani nyusi. Nikaangalia upande wa dogo, ameshafungua kaunta buku lake, kumbe palepale kwenye njia wakati mimi nahangaika na simu yeye alikuwa anachora. Ndege mbaya kweli, kama kiatu chenye mdomo, lakini juu ya jicho kuna mstari na ameandika pembeni "chungwa".

Sasa uchague nini

Inategemea unaishi wapi na unaenda mara ngapi. Kama ni familia mnaenda Mikumi mara moja kwa mwaka, msinunue kitu, azimeni darubini, lipeni mwongozaji mzuri, watoto wawekeeni Seek. Hela ya kitabu kaleni nyama Morogoro.

Mwanafunzi, au mtu wa mjini asiye na hela ila ana muda, simu unayo tayari, weka Merlin na iNaturalist leo, anza na uani kwako. Hata Dar kwenye kunguru peke yao kuna pa kuanzia, yule wa shingo ya kijivu ni mgeni aliyeletwa kutoka upande wa India, yule mwenye kifua cheupe ndo wa kwetu, hesabu una wangapi wa kila upande mtaani. Watu wa Nairobi mna bahati, Nature Kenya wana matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege yanayoanzia Makumbusho, hapo unapata watu wanaojua na macho ya kuazima kwa pamoja, hakuna programu inayofika hapo.

Dereva au kijana anayetaka kazi ya utalii, wewe kitabu ni lazima, samahani. Mgeni akikuuliza tofauti ya hawa wawili huwezi kumwambia subiri mtandao. Darubini 8x42, kitabu, na kila siku moja ya mapumziko utembee nyuma ya mzee anayejua, bure au kwa chai. Simu iwe ya kujisahihisha usiku.

Na mimi nikianza upya leo, ningeanza na asubuhi moja na mtu, kabla ya kununua chochote, kwa sababu ndo nitajua kama hii kitu naipenda kweli au napenda picha za watu wengine. Kisha darubini ya 8, mpya ya bei ya chini au ya mtumba iliyo safi ndani, bila ukungu. Simu ipo. Kitabu mwaka wa pili. Ile 10x42 yangu ya kwanza niliuza kwa dereva mmoja wa Karatu na ana furaha nayo mpaka leo.

Soda nililipa, akataka na andazi. Juzi nikafungua lile kaunta buku nione kama anaendelea, ameshafika ukurasa wa kumi na nne, na kwenye ule wa Duluti chini ya kile kiatu chenye mdomo ameandika: "Mdiria kibete. Asubuhi. Amekula mdudu. Nyusi ndiyo. Mjomba alikataa."